Mdogo wangu aliteswa utotoni, leo hana huruma na mtu: ni yale mateso au kazaliwa hivo?

Swali (nimelifupisha, na vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevitoa):

"Shikamoo dokta. Nipo Morogoro. Mama alifariki mdogo wangu akiwa na miaka 6, akapelekwa kwa baba mdogo pamoja na mdogo wetu wa kike, mimi nikabaki kwa bibi. Huko walipigwa mpaka kwa waya wa umeme, wakalazwa njaa, siku zingine wanalala nje. Alirudi ana miaka 14. Sa hivi ana 22. Ameuza simu ya bibi, ameuza cherehani ya shangazi, bibi analia yeye anauliza chakula kimeiva? Anadanganya hata kitu kisicho na faida, akikasirika anavunja vitu. Nimemjazia tesiti kwenye simu imesema ni saikopathi 85%. Je ni yale mateso? Mbona yule wa kike waliekuwa wote leo ni nesi na anapendwa na kila mtu? Na ana mtoto wa miaka 3 tunaishi nae hapa, ameanza kung'ata wenzie, ndo atakuwa kama baba yake?"

Marahaba dada, na poleni, hasa bibi. Nikupe jibu fupi kwanza alafu twende taratibu. Mateso ya utotoni yana mkono wake kwenye hizi tabia, hilo kwa sasa halina ubishi, ila mkono huo unashika zaidi upande mmoja, yaani hasira za ghafla, kukurupuka, kushindwa kutulia kwenye kazi, kugombana na sheria. Ule upande mwingine ambao ndo unawatisha watu, ule ubaridi wa kumwona mtu analia na moyoni hamna kinachogonga, mateso yanauchangia pia lakini kidogo, na huko kile mtu alichozaliwa nacho kina sauti kubwa zaidi. Na kwa ulivyomwelezea mdogo wako mi naona mambo mengi ya upande wa kwanza, labda kuliko unavyoyaona wewe ambae umeshamchoka.

Iyo tesiti ya kwenye simu ifute. Kipimo cha usaikopathi, yaani ile hali ya mtu kukosa huruma na majuto, kulaghai na kukurupuka, kinachotumika sana kwa watu wazima alikitengeneza mwanasaikolojia wa Canada, Robert Hare, akifanya kazi na wafungwa, kina vipengele 20 na kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2, kwaiyo jumla ni 40, na kule Marekani na Canada mtu anahesabika saikopathi akifika 30 (Ulaya wengi wanatumia 25). Anaepima lazima awe amesomea, anakaa na mtu masaa kadhaa, alafu anasoma na mafaili ya shule, ya polisi, ya hospitali, kwasababu mtu mwenye domo tamu anaweza kukupiga maneno ukatoka pale unamuonea huruma. Wewe umemjazia mwenyewe, tena simu ya bibi imetoka kuuzwa, dada hata mimi ningempa mbili mbili mstari kwa mstari mpaka mwisho. Na tuwekane sawa kwenye hili pia: saikopathi sio kichaa, hasikii sauti wala haoni vitu, anajua vizuri tu kwamba cherehani ni ya shangazi. Uingereza walipopima watu wa majumbani, sio wafungwa, waliofika kiwango walikuwa chini ya mmoja kwa kila mia. Magerezani ndo wanaongezeka sana.

Sasa tuje kwenye mateso. Shida ya tafiti nyingi za huku ni kwamba zinamuuliza mtu mzima "utotoni ulipigwa?" alafu zinaandika alichojibu, na hapo pana shimo kubwa. Mwaka 2019 kuna watafiti walikusanya tafiti zilizokuwa na vyote viwili, rekodi za wakati ule na maelezo ya mtu mwenyewe baadae, wakakuta zaidi ya nusu ya wale waliorekodiwa kuteswa hawakusema waliteswa. Kwaiyo mdogo wako akikwambia kwa baba mdogo palikuwa freshi tu usibishane nae, na pia usiichukue kama ndo ushahidi.

Ndo mana napenda kazi ya Cathy Spatz Widom wa Marekani. Yeye hakuuliza kumbukumbu, alikwenda kwenye makaratasi ya mahakama akachukua watoto 908 waliothibitishwa kuteswa au kutelekezwa kati ya 1967 na 1971, akawatafutia wenzao 667 wanaofanana nao umri na mazingira ila hawana kesi ya namna hiyo, akawafata mpaka wakawa vijana wa miaka ya ishirini. Wale walioteswa walipata alama za juu zaidi kwenye kipimo cha Hare, wanaume na wanawake. London nako kuna vijana 411 wa mitaa ya kusini waliofatiliwa tangu 1961 wakiwa na miaka 8 hivi, na waliokuwa na alama za juu ukubwani walitoka zaidi kwenye nyumba zenye baba mwenye kesi, watoto wasiotunzwa, hela hamna. Kwaiyo uhusiano upo.

Ila upo kiasi gani? Ukikusanya tafiti zote pamoja ile namba ya uhusiano (0 maana yake hamna uhusiano, 1 vinaendana kabisa) inazunguka kwenye 0.2, na namba kama hiyo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 0.04, maana yake tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu, asilimia 4 hivi ndo zinaendana na yale mateso, zilizobaki zinatoka kwingine. Tena ukigawa vipengele vya Hare kwenye makundi, uhusiano unapanda kwenye hasira, kukurupuka na uhalifu, unashuka kwenye ubaridi na ulaghai. Na fikiria na hapa kwetu: ule utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya Watanzania, wasichana kwa wavulana, walipigwa, kwa ngumi, mateke, mijeledi, kabla ya miaka 18. Kama kipigo peke yake kingekuwa kinatengeneza saikopathi mtaani kwenu pasingepitika. Kinachofanyika ni kingine, mfano watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania walipohojiwa, ambao karibu wote walishachapwa, kadiri adhabu zilivyokuwa kali ndo ugomvi na utukutu ulivyozidi na moyo wa kusaidia wenzao ulivyopungua. Sisemi hilo ni dogo. Nasema tu halijafika kwenye usaikopathi.

Huyu mdogo wenu wa kike sasa. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani mana ndo swali ambalo wataalamu wamelikimbiza miaka na miaka, nyumba moja, waya mmoja, watu wawili tofauti. Sehemu ya jibu ni damu. Essi Viding na wenzake walichukua mapacha wa Uingereza na Wales wakiwa na miaka 7, wakaangalia wale ambao walimu wanawaona ni wabaridi kupita kiasi, hawajuti, hawajali mwenzao akiumia, na wakakadiria kwamba asilimia 67 ya ile tofauti kati yao na watoto wengine inaelezwa na kurithi. Ni kubwa. Lakini dada, kurithi hapa ina maana ya uwezekano wa kuanzia, mwingine anazaliwa na woga kidogo, adhabu haimshtui, sura ya mtu aliyeogopa haimgusi haraka, na kutoka hapo bado kuna njia ndefu sana na mambo mengi ya kukutana nayo. Kuna wale walioshika jeni moja (kipande cha urithi tunachopewa na wazazi) inayoitwa MAOA, kutoka kwenye watoto 1,037 wa Dunedin kule New Zealand waliozaliwa 1972 na 1973, wakasema mateso yanamharibu zaidi mvulana mwenye aina fulani ya hiyo jeni, stori ikaenea dunia nzima, ila wengine waliporudia kuna waliopata na kuna waliokosa, kwaiyo mtu akikuuzia kipimo cha jeni ya ukatili mwambie hapana asante.

Na sehemu nyingine ya jibu ni kwamba nyumba haikuwa moja. Mtoto wa kike anapewa kazi za jikoni, anakaa na mke wa baba mdogo, labda huyo mama alikuwa anamfichia kipande cha ugali, labda jirani alimpenda, labda alikuwa mzuri darasani mwalimu akamshika mkono. Muulize siku mkiwa mmetulia. Mara nyingi nikiuliza hivo kuna mtu mmoja anatajwa, na mara nyingi yule mwingine hakuwa na huyo mtu.

Hapa ndo napotaka ukae, mana watu wakisikia utoto mgumu wanawaza fimbo tu. Ushahidi mzito kuliko wote kwangu unatoka Romania. Baada ya utawala wa dikteta wao Ceaușescu vituo vya yatima vilikuwa vimejaa watoto wanaolishwa na kubadilishwa nguo lakini hamna mtu anaewajibu wakilia, na kule Bucharest, mji mkuu wao, watafiti wakachukua watoto 136 wa vituoni, wakapiga kura, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea zilizofundishwa na kulipwa, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Kupiga kura ndo utamu wenyewe mana huwezi kusema waliopelekwa walikuwa wazuri tangu mwanzo. Walipofika miaka 12 wakapimwa ule ubaridi. Waliowahi kukaa vituoni walikuwa nao zaidi kuliko watoto wa majumbani waliolelewa na wazazi, na kwa wavulana, wale waliopata familia walikuwa nao pungufu kuliko waliobaki. Wakaangalia kwanini, wakakuta inahusiana na jinsi mlezi alivyokuwa anamjibu mtoto akiwa na shida. Kwaiyo ule ubaridi wenyewe nao, pamoja na damu yake yote, kuna sehemu inayoguswa na mtu kumjibu mtoto.

Turudi kwa huyu kijana. Tangu 1941 daktari mmoja wa Marekani, Benjamin Karpman, alishasema watu hawa kwa nje wanafanana ila ndani wapo wa aina mbili, mmoja kazaliwa na moyo mtulivu kupita kiasi, mwingine hisia alikuwa nazo zikafunikwa na yaliyomkuta. Stephen Porter mwaka 1996 akalisukuma zaidi wazo hilo, kwamba mtoto anaeumizwa tena na tena anaweza kujifunza kuzima hisia mpaka kuzima kukawa mazoea. Wa aina ya kwanza halali vibaya, hana wasiwasi, hashtuki. Wa pili ukimchunguza unakuta wasiwasi mwingi, usingizi mbovu, hasira inayolipuka, na historia ya mateso mara nyingi ipo kwake.

Kuna kijana nilimpokea, nimebadilisha mengi asijulikane, nae kaletwa na ndugu kwa maneno hayohayo, hana moyo huyu. Nikamuuliza ulivyokuwa unachapwa ulikuwa unafanya nini kichwani. Akajibu bila hata kuniangalia, "nahesabu misumari ya bati". Anaanza kona ya mlangoni anakwenda mpaka ukutani, akimaliza safu anaanza nyingine, na alikumbuka kabisa ni bati lipi lilikuwa na misumari iliyolegea. Alivyofika ukubwani mtu akilia mbele yake anatazama juu. Ndugu zake walikuwa wanaona dharau. Mi sisemi mdogo wako ndo huyo, kwa ujumbe siwezi kujua na dokta anaekwambia anajua kwa ujumbe mkimbie, lakini mtu aliyelazwa njaa miaka nane akaona mlezi analia alafu akauliza chakula, hilo swali linaweza kuwa ukatili na linaweza kuwa hofu ya zamani, mana katika ile nyumba mkubwa akivurugika maana yake leo hakuliwi. Na uongo usio na faida ni hivohivo, mtoto aliyejifunza kwamba ukweli unaleta waya anadanganya kwanza, anafikiria baadae. Kuvunja vitu kwa hasira pia hakumfanani mtu wa moyo baridi, huyo anachemka.

Kabla ya yote hayo lakini niambie, anabeti? Mana simu na cherehani vikiondoka karibu karibu, kijana wa 22, kitu cha kwanza nnachouliza ni mikeka, cha pili bangi na pombe, cha tatu unga. Mtu aliyezama huko anaiba, anaongopa, anakuwa mkavu usoni, na tabia nyingi zinapungua akitoka. Kingine muulize bibi kama huko kwa baba mdogo aliwahi kupigwa kichwani akazimia, au kama anapata degedege, ubongo wa mbele ukiumia mtu anapoteza breki. Na usiku analala vipi, anapiga kelele usingizini, akiguswa kwa nyuma anaruka? Hayo andika kwenye karatasi muende nayo hospitali ya rufaa ya mkoa, muulizie kitengo cha afya ya akili, msiseme "tumeleta saikopathi", semeni alipitia haya na haya, sasa anafanya haya na haya. Yeye mwambie mnaenda kwa ajili ya usingizi na hasira, wengi wanakubali hilo haraka kuliko kuambiwa ni wabaya.

Utasikia mtaani, hata kwa wasomi, kwamba hawa hawatibiki. Kule Wisconsin, Marekani, kuna kituo cha Mendota cha wavulana walioshindikana kabisa magerezani, kilifunguliwa 1995, wao walipunguza adhabu, mana adhabu ilikuwa inazalisha ukaidi na ukaidi unazalisha adhabu, wakaanza kupima tabia kila siku na kumpa mtu kitu kizuri haraka akifanya vizuri. Walipofatiliwa baada ya kutoka, kundi la wenzao waliokwenda kwenye magereza ya kawaida waliua watu 16. Kundi la Mendota hawakuua mtu. Haikuwa kupiga kura kama Bucharest kwaiyo nina tahadhari kidogo, ila 16 kwa sifuri inatosha kunyamazisha neno hawatibiki.

Nyumbani sasa. Msimwite mjomba aje "kumnyoosha", huyu kanyooshwa miaka nane na hayo ndo matokeo. Lakini pia, na hapa familia nyingi zinateleza, mateso yake hayafuti deni. Cherehani alipe, hata kidogo kidogo kwa kazi. Namba ya siri ya bibi ya simu ibadilishwe leo, hati ya kiwanja isikae ndani ya nyumba hiyo, bibi asisaini wala kuweka dole gumba kwenye karatasi yoyote anayoleta yeye, na hela asikopeshwe. Mkifanya hivo msitukane wala kuhubiri, mnamwambia tu utaratibu mpya ni huu. Siku akimwinulia mkono bibi au mtoto, ni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, msisubiri ya pili.

Na huyu wa miaka 3 anaeng'ata, dada pumua. Watoto wanapigana na kung'atana kuliko umri wowote kati ya miaka 2 na 4 hivi, Richard Tremblay wa Canada amelionyesha hilo vizuri, alafu wanajifunza kuacha. Kuhusu kurithi, kuna utafiti wa familia 561 za Marekani zilizoasili watoto tangu wachanga, na mama mzazi aliyekuwa na historia ya utukutu mkubwa, mtoto wake alionyesha ubaridi zaidi hata kama hajawahi kulelewa nae, kwaiyo damu inapita. Ila pale mama mlezi alipokuwa anamsifia na kumtia moyo mtoto sana, uhusiano huo ulizimika. Sio fimbo wala nidhamu kali, ni kusifia.

Kwaiyo akimng'ata mwenzie mtoe pale, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, mwambie "ona, analia, umemuumiza", kwa sauti ya kawaida, alafu mpeleke amshike mwenzie mkono. Macho ni muhimu, Mark Dadds kule Australia alikuta wavulana wenye ubaridi wanashindwa kutambua sura ya woga, na walipoambiwa tu "mwangalie machoni" wakaweza vizuri zaidi. Msimng'ate na nyie ili "ajue inauma", najua mtaani wanashauri hivo. Akicheza na mwenzie dakika tano bila kung'ata, msifie hapohapo, msisubiri jioni. Likifika la miaka 5 au 6 na bado anaumiza wenzie au wanyama makusudi na kilio hakimshtui, hapo mlete, ni mapema na kunafanyika kitu. Kwa sasa nnachokihofia zaidi ni baba yake kubaki nae peke yake siku ambazo mikeka imechanika, hilo panga na bibi wiki hii.